Inveta Iliyojifungia

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chesang alikuwa na kazi moja isiyokuwa na mjadala. Alifungua stoo, akainama mbele ya mashine ya kuangulia vifaranga, akasoma kipimajoto kupitia kidirisha cha kioo na kupaza sauti ili mama yake amsikie jikoni.

"Thelathini na saba na nusu."

"Maji kwenye trei?"

"Yapo."

"Basi funga mlango. Unawapiga baridi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maamkizi yao. Mama Chesang hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu mayai yaingie mashineni maneno yake yalikuwa yamepungua zaidi. Alikula amesimama. Alikwenda stoo, akarudi, akakumbuka jambo, akaenda tena. Mle ndani mlikuwa na mayai mia mbili na arobaini ya kuku wa kienyeji, na Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa. Zilibaki siku mbili tu.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mara mbili mwaka huo alikuwa ametia mayai, na mara mbili stima ikapotea hapo kwao Lanet na kumwachia mayai viza. Mara ya pili alichimba shimo nyuma ya nyumba akayazika bila kusema neno, na kwa wiki nzima hakuna aliyethubutu kukaanga yai katika nyumba hiyo. Kisha akamuuza ng'ombe wake mmoja wa maziwa na kununua sola pamoja na inveta, kile kisanduku kinachouchukua umeme wa jua na wa betri na kuufanya uwe kama stima ya kawaida. Hakununua inveta ya hivi hivi. Alinunua Velmora, ile ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini kama wanavyotaja gari la mkubwa.

"Kundi hili likifa," alikuwa amesema, "mashine naiuza. Narudi kwenye viazi."

Chesang alijua maana yake. Viazi vilikuwa Keringet. Mama alipokuwa akichuuza viazi alilala huko siku tatu kila wiki, naye Chesang alilala kwa shangazi, kwenye kochi lililokuwa fupi kuliko miguu yake. Hakutaka kurudi kwenye lile kochi. Lakini zaidi ya kochi, hakutaka kurudi kwenye zile siku tatu.

Saa nne asubuhi hiyo stima ilipotea mtaa mzima. Redio za majirani zilinyamaza zote kwa pamoja. Kwa kina Chesang taa haikupepesa hata mara moja. Inveta ilikuwa imeshika kazi kabla balbu haijajua.

Mama alisimama mbele yake kwa muda, mikono kiunoni, karibu atabasamu. "Haya. Ng'ombe wangu anafanya kazi." Alichukua kikapu. "Naenda mjini kuchukua chakula cha vifaranga. Usifungue ile mashine, na usichezee chochote."

"Sawa, Mama."

Hakuwa amefika mbali wakati Joyline na Kui walipogonga geti. Joyline alikuwa na miaka kumi na minne na ndiye aliyeongoza kwaya ya watoto kanisani. Kui alisoma darasa moja na Chesang, na mkononi alibeba mfuko wa mavazi ya kwaya. Kesho yake kwaya ilikuwa na zamu ya kuimba mbele ya wageni, na Joyline alikuwa ameosha nywele zake zote zikasimama kama kichaka, kisha stima ikapotea kabla hajazikausha.

"Sasa Chesang," alisema, akichungulia ndani. "Eti kwenu taa zinawaka?"

"Kwetu stima haipotei."

"Kwani nyinyi mko Kenya gani?" Kui aliuliza.

Chesang alicheka. Kwa mara ya kwanza kwao kulikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, na hilo lilimwasha mwilini kama upupu. Akawaingiza ndani.

Inveta ilikuwa imefungwa ukutani sebuleni, nyeupe, safi, bila kelele. Kwenye kioo chake kulikuwa na picha ya betri, na chini ya picha neno moja la Kiingereza, LOAD, pamoja na namba. Siku fundi alipokuja kumweleza Mama kila kitu, Chesang alikuwa shuleni. Hata hivyo neno hilo alilijua tangu utotoni. Mama alimtuma dukani kununua kadi ya simu, kisha akamwambia, "Iload." Ukishaload, simu ina nguvu ya kuongea. Usipoload, simu ni kama jiwe.

Kioo kilisema LOAD 11%.

"Iko kumi na moja tu," Chesang alisema kwa mashaka kidogo. "Bado haijaload sana."

Joyline alikuwa tayari amechomeka mashine yake ya kukaushia nywele. Ilinguruma. Namba ikaruka hadi 47.

"Ona," Chesang alisema, moyo ukimtulia. "Inaload haraka. Ni jua la leo."

Walitaka chai. Chesang akachomeka birika la umeme. Namba ikapanda hadi 88.

"Yaani hii mashine ukiitumia ndiyo inajaa?" Kui aliuliza. "Niletee sufuria ya ugali ya namna hiyo. Nyumbani nina kaka watatu."

Walicheka wote. Chesang ndiye aliyecheka zaidi, na ndiye aliyesema, "Lete na yale mavazi ya kwaya tuyapige pasi. Bado kidogo ifike mia."

Kui alichomeka pasi. Inveta ikalia, ti-ti-ti, kama ndege aliyeshtuliwa, na nyumba ikanyamaza.

Walitazamana. Dakika moja baadaye inveta ikajiwasha yenyewe. Mashine ya nywele ikanguruma, pasi ikawaka, ti-ti-ti, ikazima. Ikajaribu tena. Ikazima tena. Mara ya tatu haikuamka. Taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye kona, na kwenye kioo ikabaki namba moja tu: 07.

"Mimi naenda," Joyline alisema, akikunja waya wake kwa haraka. "Mama yako akiuliza, sisi hatukuja."

Kui alisita mlangoni. "Utamwambia?"

Chesang alikuwa akisikiliza. Kutoka stoo, ile feni ndogo ya mashine ya mayai, ambayo sauti yake alikuwa ameizoea hata akiwa amelala, haikusikika.

Alirudisha birika rafuni. Alirudisha pasi kabatini ikiwa bado ya moto. Alibonyeza kila kitufe alichokiona kwenye inveta, na inveta ikamtazama kwa lile jicho lake jekundu. Ilikuwa saa tano. Alikwenda stoo, akarudi, akaenda tena, kama mama yake.

Mama alirudi saa sita. Hakuhitaji kuambiwa. Alisimama sebuleni, akasikiliza ule ukimya, kisha akatupa kikapu chini na kukimbilia stoo.

"Thelathini na nne," alisema akitoka. "Imezima saa ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa nje."

Uongo ule ulimtoka wenyewe, mwepesi, kama uliokuwa ukimsubiri mtu auchukue. Mama hakuwa na nafasi ya kuupima. Alikuwa tayari amempigia fundi.

"Wanyoike, hii inveta yako imekufa. Ndiyo, imekufa. Namba sifuri saba. Jua linawaka hapa, betri imejaa, nayo imelala kama mlevi. Uko wapi? Mtaani Section 58? Basi kimbia."

Akaweka simu, akamtazama Chesang. "Washa jiko. Nje, si ndani, moshi wa makaa utatuua kabla ya mayai. Teleka maji."

Walifanya kazi kwa haraka. Chesang alipepea makaa mpaka macho yakamwasha. Mama alijaza maji ya moto kwenye chupa za soda, akazifunga kwa vitambaa na kuziingiza chini ya trei za mayai. Akaifunika mashine kwa blanketi la kitandani, akiacha matundu ya hewa wazi. Kila baada ya muda mfupi walizitoa chupa zilizopoa na kuingiza za moto. Kipimajoto kilipanda kidogo, kikashuka. Thelathini na nne. Thelathini na tatu na nusu. Thelathini na tatu.

Jirani yao Kiprugut, aliyekuwa akitengeneza redio na simu kwenye kibanda kando ya barabara, aliusikia mzozo akaja na bisibisi sikioni.

"Mama Chesang, hebu niifungue hiyo kitu. Inveta ni inveta. Ndani ni waya tu."

Mama aliitazama ile bisibisi kwa tamaa. Lakini pembeni mwa inveta kulikuwa na karatasi ndogo ya fedha iliyobandikwa juu ya skrubu. Aliijua kazi yake. Ukiichana, ile dhamana ya miaka kumi imekwisha papo hapo.

"Nipe nusu saa," alisema. "Wanyoike asipofika, utafungua. Ni heri nipoteze dhamana kuliko mayai."

Chesang aliitazama ile karatasi ya fedha. Hakuwa amefikiria dhamana.

Wanyoike alifika robo saa baadaye, amelowa jasho, mkoba begani. Alikuwa fundi kijana, mpole, aliyezoea kuvua viatu mlangoni hata akiwa na haraka. Siku hiyo Mama hakumpa hata nafasi ya kuvivua.

"Uliniambia hii ndiyo bora."

"Ni bora, Mama Chesang. Lakini nilikuambia na ubaya wake, kabla hujanunua. Unakumbuka?"

"Nikumbushe."

"Nilikuambia haina kelele, inashika stima inapopotea kabla taa haijapepesa, na betri inaitunza kama mboni ya jicho. Pia nilikuambia ni ghali, vipuri vyake ni mpaka Nairobi, na ni kali. Haipendi mchezo. Ikikosewa mara tatu inajifungia, na haifunguki mpaka fundi aliyesajiliwa aweke namba ya siri. Hizi za bei rahisi hazijifungii."

"Afadhali hizo basi."

"Hizo zinaungua," Wanyoike alisema. "Nimezima moto wa moja mwezi jana, kwa mchanga."

Alikisoma kioo, akakuna kichwa. "Sifuri saba. Hapa ndipo wenye kampuni wananiudhi. Namba moja wameipa maana mbili. Inaweza kuwa mmeipa mzigo kuliko nguvu zake. Inaweza pia kuwa waya zimegusana mahali fulani ukutani. Yenyewe inajua ilichoona, lakini haisemi yote." Akageuka. "Ilipozima, kulikuwa kumechomekwa nini?"

Mama akamtazama Chesang. "Wewe ndiye uliyekuwa nyumbani."

"Ni friji tu," Chesang alisema. "Na mashine ya mayai."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Wanyoike aliganda kidogo. "Basi si mzigo. Hivyo viwili haviwezi hata kuikohoza." Sauti yake ilishuka. "Basi ni waya. Na waya nilizipitisha mimi."

"Yaani ni kazi yako ndiyo mbaya," Mama alisema.

"Inaonekana hivyo, Mama Chesang."

"Ifungue tu hiyo mashine, waya utazitafuta baadaye."

"Siwezi. Nikiiwasha waya zikiwa zimegusana, naweza kuchoma betri. Naweza kuchoma nyumba. Lazima nipime waya moja baada ya nyingine, tangu juu ya paa."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka jioni."

Mama alimgeuzia mgongo. Alikwenda nje, akachukua sufuria ya maji ya moto na kuingia stoo. Kiprugut alitikisa kichwa, akamwambia Wanyoike, "Boss, ungekuwa umeniita mimi wakati wa kupitisha hizo waya," kisha akaenda zake. Wanyoike aliegemeza ngazi ukutani. Alipanda ngazi polepole, na Chesang akaona kwamba masikio yake yamekuwa mekundu.

"Chesang," Mama aliita. "Njoo unishikie hii trei."

Stoo ilikuwa na giza la mchana na harufu ya mvuke. Chesang alishika trei huku Mama akipanga chupa chini yake. Mayai yalikuwa karibu na uso wake. Ndipo aliposikia. Mwanzoni alidhani ni maji. Kisha akaweka sikio karibu. Kutoka ndani ya yai moja lenye madoa, sauti nyembamba ililia, pii, ikanyamaza. Kwa muda mrefu haikulia tena. Kisha, pii, dhaifu kuliko ya kwanza.

"Mama, anaongea."

"Najua anaongea." Mama hakuinua kichwa. "Wameanza jana. Unafikiri nakimbia kimbia hapa kwa sababu gani? Ndani mle si mayai tena, ni watoto. Wanataka kutoka na hawana joto la kutokea."

Kipimajoto kilisema thelathini na mbili.

Chesang aliishikilia trei ile mpaka vidole vikamuuma. Juu ya bati walisikia hatua za Wanyoike akitafuta kosa lisilokuwepo. Hatua mbili. Kimya. Hatua tatu. Chesang alifikiri juu ya kochi la shangazi. Alifikiri juu ya hasira ya mama yake, ambayo aliiogopa kuliko kochi. Pii, lilisema lile yai.

"Si waya," alisema.

"Nini?"

"Si waya, Mama. Ni sisi. Mashine ya nywele ya Joyline, na birika, na pasi. Zote pamoja. Ilizima mara tatu. Ilikuwa saa tano."

Mama alimtazama. Ulikuwa mtazamo mfupi, lakini Chesang aliona ungemtosha mpaka mwaka ujao. Kisha mama yake aliichukua trei kutoka mikononi mwake, akairudisha mahali pake, akafunika blanketi, akatoka nje.

"Wanyoike, shuka. Ni mzigo. Huyu wangu alikuwa amefungua saluni."

Wanyoike alishuka ngazi kwa kuruka vidato viwili viwili. Alichomoa kila kitu isipokuwa mashine ya mayai, akasoma ile namba ya siri kwenye simu yake, akaibonyeza kwenye inveta huku akihesabu kwa midomo. Taa nyekundu ikazima. Ya kijani ikawaka. Kule stoo, feni ikaanza kuvuma.

Walisimama mbele ya kidirisha mpaka kipimajoto kilipofika thelathini na sita.

Wakati huo ndipo Wanyoike alipomwita Chesang mbele ya kioo. Hakuwa na hasira, na hilo lilimfanya Chesang ajisikie vibaya zaidi. "Ulikuwa unaona namba ikipanda?"

"Ndiyo. Nilidhani inaload. Kama simu."

Wanyoike alifikiri, kisha akaachia kicheko kifupi. "Kumbe. Hapana, mtoto. Hapa hilo neno ni mzigo. Mzigo kama wa punda. Ukiona themanini na nane, si kwamba punda ameshiba. Ni kwamba mgongo umebakiza nafasi ya kifurushi kimoja kidogo. Wewe ukamwongezea gunia."

"Samahani," Chesang alisema. "Na kwa kusema ni friji tu. Nilikufanya uonekane fundi mbaya."

"Hilo ndilo lililoniuma," Wanyoike alikubali. "Nilikuwa juu ya paa najiuliza nimeharibu nyumba za watu wangapi."

Mama alikohoa. "Na mimi nilikutukana kabla ya kujua. Samahani, Wanyoike. Vua viatu sasa, ukae unywe chai. Ya jiko la nje, si ya birika."

Kabla hajaondoka, Wanyoike alikata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika chini ya lile neno la Kiingereza na kuandika kwa kalamu nene: MZIGO. USIPITE 60.

Vifaranga walianza kutoboa Jumatatu alfajiri. Walitoka wamelowa, wakilegea, kisha baada ya saa chache wakawa mipira ya manyoya inayokimbilia kila upande. Mpaka Jumanne jioni walikuwa mia moja na sabini na wawili. Mayai mengine hayakufunguka. Mama alisubiri siku moja zaidi, akiyasikiliza moja moja, kisha akamkabidhi Chesang ndoo na jembe.

"Uyazike wewe."

Chesang alichimba shimo nyuma ya nyumba. Machozi yalimtoka, na hakuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa na udongo. Alipomaliza, mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, na haikujulikana alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Mashine hutaiuza?" Chesang aliuliza.

"Na hawa mia moja na sabini na wawili niwaangulie ndugu zao wapi? Kwenye viazi?" Mama alichukua jembe mkononi mwake. "Sikiliza, nitasema mara moja. Ulipochomeka zile takataka zote, hukujua. Nilikukataza kuchezea, ukachezea, na hilo utalilipa kwa kufagia banda mwezi mzima. Lakini kutojua hakukuua yai hata moja. Saa moja ya baridi wangeivumilia. Ungenipigia kwa simu ya Kiprugut saa tano, Wanyoike angekuwa ameifungua hata kabla sijateremka kutoka mjini. Kilichowaua ni yale masaa uliyonyamaza. Watu wanasema mficha maradhi kifo humfichua. Wewe uliyaficha yako, lakini waliokufa si wewe."

Chesang aliinamisha kichwa.

"Ukiharibu kitu, kiseme kikiwa bado cha moto," Mama alisema. "Nitafoka. Mimi ni mama yako, kufoka ni haki yangu. Lakini kitu kitapona."

Akageuka kuelekea nyumbani, hatua zake za haraka haraka zikirudi kama kawaida, kisha akasema bila kutazama nyuma:

"Nawa mikono uwawekee maji. Wana kiu."